Kutoka Kupiga Picha hadi Kuzibua: Charles Dotter, Kuzaliwa kwa Tiba Radiolojia na Maswali ya Istilahi

Ikisiri

Makala hii inafuatilia kazi ya utafiti ya Charles Theodore Dotter (1920–1985), mtaalamu wa radiolojia wa Marekani ambaye mwaka 1964 alitumia katheta, chombo kilichoundwa kwa ajili ya kuchunguza mishipa ya damu, kutibu mshipa uliokuwa karibu kuziba kabisa. Inadaiwa humu kwamba upinzani alioupata haukutokana na uchache wa ushahidi peke yake, bali pia na namna taaluma yake ilivyokuwa imetajwa na kuwekewa mipaka: mtaalamu wa radiolojia alikuwa mtu wa kupiga picha. Msamiati wa Kiswahili wa uwanja huu, ambao sasa unatumika katika hospitali zinazopokea wagonjwa kutoka zaidi ya nchi moja, unajadiliwa kwa kuzingatia historia hiyo.

1.0 Utangulizi

Mgonjwa anayetumwa kitengo cha radiolojia katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki huambiwa aende "akapige picha". Kauli hiyo ni fupi, inaeleweka, na haina anayeilalamikia. Hata hivyo, ikitazamwa kisarufi, ina jambo la kushangaza: anayeifanya kazi hiyo hatajwi popote. Katika sentensi hiyo mpigaji ni mgonjwa mwenyewe. Fundi anayeendesha mashine, na daktari bingwa anayeisoma picha na kuandika taarifa, wote wawili wamefichwa nyuma ya kitenzi kimoja kinachotumika pia kwa mpiga picha wa harusi.

Ufiche huo si wa Kiswahili peke yake. Katika miaka ya 1950 na 1960, hospitali za Marekani nazo zilimwona mtaalamu wa radiolojia kuwa mtu wa chumba cha giza: anapokea mgonjwa wa daktari mwingine, anatoa picha, anamrudisha mgonjwa kwa mwenyewe. Uamuzi na tiba vilikuwa vya wengine. Historia ya Charles Dotter ni historia ya mtu aliyeukataa mgawanyo huo, na kwa sababu hiyo inawahusu wanaoshughulikia istilahi za tiba kama inavyowahusu wanahistoria wa sayansi. Swali lililomkabili Dotter, yaani kazi hii ni ya kuona au ya kutenda, ndilo linalozikabili sasa kamati za istilahi za Kiswahili zinapotafuta jina la taaluma aliyoianzisha.

2.0 Chombo kabla ya tiba

Eksirei iligunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen mjini Würzburg tarehe 8 Novemba 1895. Mifupa ilionekana mara moja. Mishipa ya damu haikuonekana, kwa sababu damu na nyama zinazoizunguka huizuia miali kwa kiwango kinachokaribiana. Ili mshipa uonekane, sharti uingizwe dawa inayozuia miali, na ili dawa ifike panapotakiwa, sharti ipelekwe. Hapo ndipo katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, ilipoingia katika radiolojia.

Hatua ya kwanza maarufu ilichukuliwa na Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, mjini Eberswalde mwaka 1929. Alijiingiza katheta kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe, akaisukuma hadi moyoni, kisha akaenda kwa miguu hadi chumba cha eksirei ili picha ithibitishe alichokifanya. Wakubwa wake hawakufurahi. Aliacha njia hiyo, akaishia kuwa daktari wa njia ya mkojo, hadi Tuzo ya Nobel ya mwaka 1956 ilipomkuta akiwa amekwisha kusahauliwa na wengi.

Hatua ya pili ilikuwa ya kimyakimya zaidi, lakini bila hiyo kazi ya Dotter isingewezekana. Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger wa Stockholm alichapisha njia ya kuingiza katheta bila kupasua ngozi. Sindano huchomwa kwenye mshipa. Waya laini hupitishwa ndani ya sindano. Sindano hutolewa na waya hubaki. Katheta hupitishwa juu ya waya. Mwishowe waya hutolewa. Ni utaratibu unaoweza kuelezwa kwa pumzi moja, na huenda ndiyo sababu mkuu wake aliuona kuwa jambo dogo mno lisilostahili tasnifu ya udaktari. Seldinger alilazimika kutafuta mada nyingine. Leo hakuna chumba cha katheta duniani kinachofanya kazi bila utaratibu huo.

3.0 Mtu wa Portland

Dotter alizaliwa Boston mwaka 1920, akasoma Chuo Kikuu cha Duke, kisha udaktari katika Chuo Kikuu cha Cornell, New York, alikohitimu mwaka 1944. Akiwa New York alijikita katika angiokardiografia, yaani upigaji picha wa moyo na mishipa yake mikubwa kwa kutumia dawa ya kuonyesha. Kitabu alichokiandika pamoja na Israel Steinberg kuhusu uwanja huo kilitoka mwaka 1951. Alikuwa pia mtu wa mikono: alishiriki kubuni kasha la filamu linalojizungusha lenyewe ili picha nyingi zipigwe kwa mfululizo, kwa sababu damu haimsubiri mpiga picha abadilishe filamu.

Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 32, aliteuliwa kuwa mkuu wa idara ya radiolojia katika shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Portland. Alishika nafasi hiyo hadi kifo chake, miaka 33 baadaye. Portland ya wakati huo haikuwa kitovu cha tiba ya Marekani, na pengine umbali huo ulimsaidia. Mtu aliye Boston au New York angezungukwa na wapasuaji mashuhuri wa kumzuia. Dotter alikuwa na idara yake, karakana yake na wanafunzi wake.

Neno karakana halitumiki hapa kwa mzaha. Dotter alitengeneza waya elekezi na katheta kwa vitu alivyovipata: nyaya za gitaa, kebo za mita ya mwendo wa gari, mirija ya tefloni aliyoipasha moto kwa tochi ya gesi na kuivuta hadi ncha yake ikawa nyembamba. Katika mkutano wa wanaradiolojia uliofanyika Chicago mwaka 1963 alikutana na Bill Cook, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutengeneza vifaa vya aina hiyo katika chumba cha kulala cha ziada cha nyumba yake huko Bloomington, Indiana. Inasimuliwa kwamba Dotter aliazima tochi na mirija ya Cook kwa usiku mmoja, akaondoka navyo hadi chumba chake cha hoteli, na asubuhi akarudi na katheta kumi zilizokwisha kuundwa. Ushirikiano wao ulidumu, na kampuni ya Cook ikaja kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa vifaa vya tiba.

Mwaka huohuo wa 1963 kulitokea jambo ambalo Dotter mwenyewe hakulipanga. Alipokuwa akimchunguza mgonjwa mwenye tatizo la ateri ya figo, aliipitisha katheta kutoka kwenye paja kuelekea juu, na ikapenya ateri ya nyonga iliyokuwa imeziba. Bila kukusudia, alikuwa ameizibua. Watafiti wengi wangeandika tukio kama hilo pembeni ya daftari na kuendelea. Dotter aliliona kuwa swali. Mwezi Juni, katika kongamano la radiolojia mjini Karlovy Vary, Chekoslovakia, aliwaambia wasikilizaji kwamba katheta inaweza kuwa zaidi ya chombo cha uchunguzi; mkononi mwa mtu mbunifu, inaweza kuchukua nafasi ya kisu katika baadhi ya matibabu. Ilikuwa hoja bila mgonjwa. Mgonjwa alipatikana miezi saba baadaye.

4.0 Tarehe 16 Januari 1964

Alikuwa bibi wa miaka 82. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na maumivu makali, kidonda kisichopona na vidole vilivyoanza kuoza, kwa sababu ateri ya paja ilikuwa imebana kiasi cha kuinyima nyayo damu. Madaktari walimshauri akatwe mguu. Alikataa.

Kukataa huko kunastahili kutuliwa kidogo, kwa kuwa masimulizi mengi hukupita haraka ili yafike kwenye ushujaa wa daktari. Bibi huyo hakuwa na njia nyingine mbele yake alipokataa. Hakuna aliyekuwa amemwahidi katheta. Alichokijua ni kwamba hataki kuishi siku zilizobaki bila mguu, na kwamba neno la daktari, hata likiwa sahihi kitabibu, halikuwa la mwisho. Kama angekubali, jaribio la kwanza la Dotter lingemngoja mgonjwa mwingine, na hakuna ajuaye kwa muda gani. Katika historia ya tiba, idhini ya mgonjwa huandikwa zaidi kuliko ukataaji wake; hapa ni ukataaji uliofungua njia.

Picha ya angiografia ilionyesha kwamba mbano ulikuwa mfupi, mahali pamoja. Kwa ganzi ya sehemu tu, Dotter alichoma ateri kwenye kinena, akapitisha waya elekezi hadi ukavuka mahali palipobana. Juu ya waya akasukuma katheta nyembamba, na juu ya katheta hiyo akasukuma nyingine pana zaidi. Njia iliyokuwa ya uzi ikawa ya mrija. Baada ya dakika chache nyayo iliyokuwa ya baridi ikaanza kupata joto na wekundu. Maumivu yaliondoka, kidonda kikapona, na mshipa ulionekana bado uko wazi picha ziliporudiwa baadaye. Bibi huyo alifariki karibu miaka mitatu baadaye kwa maradhi mengine, akiwa bado anatembea kwa miguu yake yote miwili.

Dotter na mwanafunzi wake Melvin Judkins walichapisha matokeo yao ya awali katika jarida la Circulation mwezi Novemba 1964. Maelezo yao ni ya kiufundi na ya tahadhari. Jarida la Life, lililokwisha kuwatangulia mwezi Agosti kwa picha za Dotter akiwa kazini, halikuwa na tahadhari hiyo. Picha zake zilimwonyesha mtu mwenye macho makali na ishara za mikono zisizotulia. Lakabu ya "Charlie Kichaa" ilimfuata tangu hapo.

5.0 Piga picha, usitengeneze

Kwa nini njia iliyookoa miguu ilichukua zaidi ya muongo mmoja kukubalika katika nchi ilikozaliwa? Jibu la kawaida ni wivu wa wapasuaji, na ushahidi wake upo. Fomu moja ya kumtuma mgonjwa kwa Dotter, ambayo wanahistoria wa radiolojia hupenda kuitaja, iliandikwa na daktari wa upasuaji kwa maagizo kwamba mishipa ionyeshwe lakini isijaribiwe kutengenezwa. Agizo hilo lina thamani kubwa kwa mchunguzi wa lugha, kwa sababu linauweka mpaka wa taaluma katika vitenzi viwili. Cha kwanza ni chako. Cha pili ni changu.

Lakini jibu hilo halitoshi. Ziko sababu nyingine mbili ambazo watetezi wa Dotter hawazipendi. Ya kwanza ni ya kiufundi. Kwa njia yake ya katheta juu ya katheta, tundu la kwenye kinena lililazimika kuwa pana sawa na njia iliyotakiwa kufunguliwa ndani. Mshipa mpana ulidai katheta nene, na katheta nene ilidai tundu kubwa lenye hatari ya kuvuja damu. Aidha, utando uliosukumwa kwa mtindo wa kabari uliweza kumeguka na kuelea na damu hadi kuziba chini zaidi. Matokeo yalitegemea sana mkono wa mtendaji. Daktari mwangalifu wa mwaka 1966 aliyesema kwamba ushahidi bado ni mdogo hakuwa mjinga.

Sababu ya pili ni Dotter mwenyewe. Alikuwa mpanda milima aliyekwea vilele vyote 67 vya Marekani bara vinavyozidi futi 14,000, na aliiendesha taaluma kwa roho hiyohiyo. Alama aliyoipenda ilikuwa bomba na spana vilivyopishana: kama fundi bomba anaweza kuzibua mabomba, alisema, kwa nini daktari asizibue mishipa? Mlinganisho huo ulieleweka na kila mgonjwa. Uliwaudhi pia watu aliowahitaji, maana mpasuaji aliyetumia nusu ya ujana wake kujifunza kushona mishipa hakupenda kuambiwa kwamba tatizo ni la bomba. Mtaalamu wa radiolojia hana wagonjwa wake mwenyewe. Huwapata kwa kutumiwa na wengine. Kila kejeli iliyomfikia mpasuaji ilipunguza idadi ya wagonjwa waliotumwa Portland, na waliolipa gharama ya kejeli hiyo ni wagonjwa, si Dotter. Tathmini ya haki ya kazi yake haina budi kuyabeba mambo yote mawili.

Ulaya haikuwa na ugomvi huo. Nchini Ujerumani, Eberhard Zeitler aliichukua njia hiyo na kuifanyia kazi kwa utaratibu, na madaktari wakaanza kutumia jina la mvumbuzi kama kitenzi: kum-Dotter mgonjwa maana yake ilikuwa kumzibua mshipa kwa katheta. Jina la mtu linapogeuka kitenzi, ni dalili kwamba tendo limekwisha kuwa la kawaida ilhali lugha haijapata jina lake. Kwa Zeitler ndiko Andreas Grüntzig alikojifunza. Mwaka 1974, akiwa Zurich, Grüntzig aliweka kwenye ncha ya katheta kiputo kigumu kisichopanuka kupita kipimo chake. Katheta iliingia ikiwa nyembamba, na kiputo kikajazwa ndani, penye mbano. Tatizo la tundu pana likaisha. Tarehe 16 Septemba 1977 alifanya hivyo kwenye mshipa wa moyo wa mgonjwa aliye macho, na ndipo Marekani ilipoanza kusikiliza kile ilichoambiwa na Portland miaka 13 kabla.

6.0 Mambo yaliyongoja

Itakuwa kosa kumkumbuka Dotter kwa siku moja ya Januari. Mwaka 1969 alichapisha majaribio ya koili za waya alizoziweka ndani ya ateri za miguu ya mbwa ili kuzuia njia isifunge tena. Mwaka 1972, pamoja na Josef Rösch aliyetoka Prague kuja kufanya naye kazi, alieleza namna ya kusimamisha damu inayovuja tumboni kwa kuuziba kwa makusudi mshipa unaovuja, kupitia katheta ileile. Mwaka 1974 kikatoka kazi chao kuhusu kuyeyusha damu iliyoganda kwa kupeleka dozi ndogo ya streptokinezi moja kwa moja penye mgando. Kufungua, kuziba, kuyeyusha, kushikilia: sehemu kubwa ya kazi za chumba cha katheta cha leo zilikwisha kuandikwa mjini Portland katika muongo mmoja.

Koili za mwaka 1969 zina hadithi ya jina inayofaa kusimuliwa hapa. Katika chapisho lake la wakati huo Dotter aliziita vipandikizi vya mrija. Ni mwaka 1983, aliporudi na koili za aloi ya nitinoli inayokumbuka umbo lake inapopata joto, ndipo neno stenti lilipoingia katika kichwa cha makala yake. Neno hilo halina asili ya mshipa wala ya waya. Linatokana na Charles Stent, daktari wa meno wa Uingereza wa karne ya 19, aliyetengeneza lihamu ya kuchukulia umbo la meno. Kutoka kinywani likahamia kwenye upasuaji wa ngozi, kutoka hapo likafika kwenye mishipa. Anayelalamika kwamba Kiswahili kimekopa neno lisilo na maana anasahau kwamba halikuwa na maana hata kwa waliokikopesha.

Mwaka 1978 Dotter alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel. Hakuipata. Mwaka uliofuata tuzo ilikwenda kwa Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, na Godfrey Hounsfield kwa uvumbuzi wa CT-scan, ambao ulikuwa ushindi mkubwa wa radiolojia, lakini radiolojia ya kuona. Dotter, aliyeugua saratani ya tezi za limfu na kufanyiwa upasuaji wa moyo, alifariki Portland mwezi Februari 1985. Judkins alikuwa ametangulia mwezi Januari. Mason Sones, mwasisi wa upigaji picha wa mishipa ya moyo, alifuata mwezi Agosti, na Grüntzig akafa katika ajali ya ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe mwezi Oktoba. Katika mwaka mmoja fani ilipoteza waasisi wake wanne.

7.0 Jina la taaluma na kanda yetu

Mwaka 1967 Alexander Margulis, mtaalamu wa radiolojia wa San Francisco, aliandika tahariri iliyoipa taaluma hiyo jina lake la Kiingereza, lenye maana ya radiolojia inayoingilia kati. Kwa sadfa, ni mwaka uleule ambao Bunge la Tanzania lilipitisha sheria iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa. Ilichukua zaidi ya nusu karne mambo hayo mawili kukutana. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kwa ushirikiano na Hospitali ya Taifa Muhimbili na wakufunzi wa kutoka Chuo Kikuu cha Yale na kwingineko waliokuja kwa zamu, kilianzisha mafunzo ya kwanza ya ubingwa bobezi wa fani hii nchini Tanzania. Madaktari walipofika, majina nayo yakahitajika.

Jina linalotumika Muhimbili ni tiba radiolojia. Ni chaguo zuri kuliko linavyoonekana. Tafsiri ya neno kwa neno ingezaa radiolojia ya uingiliaji, na uingiliaji katika Kiswahili una harufu ya mtu asiyealikwa, jambo ambalo wapasuaji wa mwaka 1964 wangelifurahia. Tiba radiolojia inalijibu swali la Portland moja kwa moja: kazi hii ni tiba. Kasoro yake ni kwamba inaweza kuchanganywa na tiba ya mionzi wanayopewa wagonjwa wa saratani, na kwa mgonjwa aliyepokea barua ya rufaa mchanganyiko huo si jambo dogo. Tiba kwa katheta lingekuwa jina lililo wazi zaidi kwa mgonjwa, ingawa haligusi zile kazi zinazofanywa kwa sindano chini ya ultrasaundi, kama kutoa usaha kwenye ini au kuchukua kinyama cha kupimwa.

Kwa upande wa vitenzi, hali ni tofauti. Taarifa kwa umma za taasisi za tiba ya moyo nchini Tanzania husema kwamba wagonjwa "wamezibuliwa mishipa ya damu ya moyo". Hakuna kamati iliyokaa kuamua hivyo. Mnyambuliko wa kutendua, unaofanya ziba kuwa zibua kama funga inavyokuwa fungua, ulikwisha kuwapo, na ndio uleule anaoutumia fundi bomba. Kiswahili, bila kumjua Dotter, kilifika kwenye mlinganisho wake. Taarifa hizohizo, hata hivyo, huita tendo lote "upasuaji wa tundu dogo". Hapa lugha imerudi nyuma. Kitendo ambacho sifa yake kuu ni kutopasua kimepewa jina la upasuaji, na kupunguzwa kwa sifa ya tundu. Kimamlaka, jina hilo linaurejesha uwanja mikononi mwa kisu. Kwa mgonjwa, linarejesha hofu ambayo njia yenyewe ilikusudiwa kuiondoa.

Suala hili lina uzito wa kisera kwa nchi jirani. Mwezi Februari 2021 Mkutano wa Wakuu wa Nchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliridhia Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Mgonjwa wa Bujumbura, Bukavu au Kigoma anayepelekwa Dar es Salaam kwa matibabu ya mishipa huelezwa, na mara nyingi hutia saini, kwa Kiswahili, na Kiswahili chake si kimoja na cha wenzake. Anayekifahamu kwa njia ya soko na redio anajua kupasua ni nini, na anajua kuzibua ni nini. Hajui angioplasti. Endapo fomu ya idhini itasema upasuaji, atakubali au atakataa upasuaji, na jibu lake litakuwa la swali ambalo hakuulizwa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako Zanzibar, ingeweza kuanza na jambo hili dogo, yaani fomu moja ya idhini ya tiba kwa katheta inayotumia maneno yaleyale katika hospitali za nchi wanachama, iliyojaribiwa kwanza kwa wasomaji wa Burundi, mashariki ya Kongo na Uganda kabla ya kuchapwa.

Katika fomu hiyo kitenzi kuzibua kinafaa kuwa mbele, pamoja na onyo ambalo madaktari hulisema na fomu nyingi hulisahau. Mshipa uliozibuliwa waweza kuziba tena. Dotter alilijua hilo mapema, na ndiyo maana aliwekea mbwa koili miaka mitano tu baada ya mgonjwa wake wa kwanza. Mzungumzaji wa Kiswahili halazimiki kufundishwa jambo hili kwa istilahi mpya, kwa kuwa kila mwenye nyumba yenye karo la kuoshea vyombo anajua kwamba kilichozibuliwa leo hakijaahidi chochote kuhusu mwezi ujao. Linalotakiwa ni kuliandika kwenye karatasi, kwa maneno hayohayo, juu ya mstari wa saini.